Wanaosifu Imani Yake Hawakubeba Turubai

Wanaosifu imani ya mwenye nyumba wangu hawajawahi kubeba turubai lake. Mimi nimelibeba. Nimelibeba nikiwa na vumbi la chaki mikononi, nimelibeba nikiwa na mimba kubwa, nimelibeba Jumapili nikiwa nimevaa gauni la kanisani ambalo mpaka leo lina harufu ya dagaa. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Yule mama anamtegemea Mungu kwelikweli," namwuliza kwanza yeye alikuwa wapi mvua ilipokuwa inakuja.

Nilipopangiwa kufundisha Lamadi nikitokea Singida, nilipata chumba kwenye uwanja wake, upande wa ziwani, mbali kidogo na barabara kuu. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi sitasema. Hakuniambia, nami sikuuliza, maana tulikuwa na mengine ya kugombania. Nilimkuta mjane, ana nyumba ndefu yenye wapangaji wa kila kabila, na kazi yake ni kuanika dagaa.

Kwa asiyejua kazi hiyo, dagaa wa ziwani huvuliwa kipindi cha giza, mwezi usipoonekana, maana hufuata taa za mitumbwi. Asubuhi wanawake huwanunua kwa ndoo, huwamwaga juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa mchangani, na kuanzia hapo kazi inayobaki ni kutazama juu. Dagaa akipata jua zuri anakuwa mboga ya watu. Akinyeshewa kabla hajakauka anakuwa chakula cha kuku. Ndiyo maana mwanamke wa Lamadi anayeanika huongea na wewe kidevu kikiwa juu, anakusikiliza wewe na anasoma mawingu.

Yeye kidevu chake hakikuinuka. Alimwaga dagaa wake, akawatandaza kwa ufagio, akanawa mikono, akajifunga kanga yake vizuri na kuondoka. Alikwenda kumjulia hali mgonjwa, au msibani, au kwenye maombi ya akina mama. Turubai aliliacha limekunjwa chini ya dirisha. Na dirisha hilo lilikuwa langu, si lake.

"Mama, umeliona wingu lile?"

"Nimeliona, Mwalimu. Mwenye mvua ananijua."

Akaenda zake. Haikupita muda upepo ukageuka, ukaanza kuleta harufu ya udongo uliolowa kutoka ng'ambo, na nani akakimbia? Mimi na fundi pikipiki wa chumba cha mwisho. Yeye anavuta upande huu na mimi ule, tunaweka mawe kwenye pembe, mvua inatupiga migongoni. Mama alirudi mvua ilipokwisha. Akaona dagaa wamefunikwa, wakavu. Akasimama katikati ya uwanja, akainua mikono, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Wabeja, Mulungu!"

Wabeja ni asante kwa Kisukuma. Lilikuwa neno la kwanza la Kisukuma nililojifunza, nikalijifunza kwa kulikosa. Asante, Mungu. Fundi pikipiki anakamua shati lake mlangoni, mimi nimeshika kiuno, na shukrani inapita juu ya vichwa vyetu kuelekea mbinguni. Siku hiyo nilielewa kwamba Mungu wa mama huyu alikuwa anatumia miguu yangu, na miguu ilikuwa inaniuma.

Niliwahi kuapa kwamba sikimbii tena. Wingu likaja jeusi, nikalitazama nikakaa kitandani, nikachukua daftari za wanafunzi nikaanza kusahihisha. Nikasema leo huyo Mwenye mvua aje mwenyewe. Tone la kwanza lilipogonga bati nikajikuta niko nje, miguu mitupu, kalamu nyekundu mdomoni, navuta turubai huku nalaani. Nililaani mvua, nikalaani dagaa, nikamlaani na yule aliyenipa moyo usiojua kukaa chini. Mama aliporudi alisema yale yale, na mikono aliiinua vile vile.

Mahubiri aliyoyapenda kuliko yote ni yale ya ndege wa angani, kwamba hawalimi na hawaweki ghalani lakini wanakula. Alinisimulia mara nyingi tukiwa tumekaa mchangani, na yangeyange wamejipanga pembeni yetu wakivizia.

"Waone hao, Mwalimu. Unawaona wana mawazo?"

"Watakuwaje na mawazo, mama, wakati wanakula dagaa wako?"

Akacheka mpaka akafuta machozi. Kumkasirikia mtu anayecheka hivyo ni kazi ngumu, lakini mimi niliiweza.

Nyumbani kwake palikuwa vile vile. Alipika bila kujua walaji. "Watakaokuja Mungu anawajua," alisema, na kweli walikuja, na kweli walikula. Ndugu zake wa Ipililo walimletea michembe kila msimu, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, akiba ambayo nyumba ya Kisukuma huitunza kwa ajili ya miezi ya njaa. Yeye aliigawa wakati watu wote wameshiba. Miezi ya njaa ilipofika nikasikia hodi. Nikafungua, nikamkuta na bakuli tupu na uso unaong'aa.

"Mwalimu, Mungu amenielekeza kwako."

"Angekwambia kwanza uniulize kama mimi mwenyewe nimepika."

"Umepika. Nimesikia harufu."

Nikajaza bakuli. Ningefanyaje? Lakini nilijaza huku nimenuna, na nilitaka aone kwamba nimenuna. Aliona, akanipigapiga begani, akaenda zake. Alikuwa na misemo yake ya siku za namna hiyo. Kesho ina mwenyewe. Usimsaidie Mungu kuhesabu. Kuwaza hakuongezi unga. Huu wa mwisho ulinichoma kuliko yote, maana kuwaza hakuongezi unga ni kweli, lakini mwenye kuwaza ndiye anayekumbuka kupeleka mahindi mashineni.

Mnisikie vizuri, mimi si mpagani. Nasali. Lakini nilikulia mahali ambapo mvua haina urafiki na mtu, na mama yangu alitufundisha kusali huku mkono mmoja umeshika jembe. Ninapanga mambo. Sare za watoto nazipiga pasi Jumamosi. Mtihani wa Novemba nauwaza Machi. Kukaa ukuta kwa ukuta na mtu asiyewaza chochote ni mateso, kwa sababu mawazo anayoyakataa hayapotei. Yanahamia chumba cha jirani.

Asiyewaza chochote, nasema, lakini huo nao ni uongo. Kulikuwa na kitu kimoja alichokiogopa mpaka kikanichanganya akili, nacho ni barabara kuu. Barabara ya Lamadi ina malori na mabasi yanayokwenda kana kwamba mji haupo. Yeye aliyemwachia Mungu mvua hakumwachia Mungu malori. Tukienda sokoni ng'ambo alisimama ukingoni, akanishika mkono kwa nguvu mpaka pete yangu ikaniumiza, na hakuvuka mpaka barabara iwe tupu pande zote mbili mpaka macho yanapoishia. Lori likitokea mbali kabisa, ambako sisi wengine tungevuka na kurudi, yeye alikufa miguu. Alibaki pale pale, si mbele si nyuma, midomo inachezacheza.

"Mama, Mwenye malori hakujui?" nilimtania siku moja.

Hakucheka. Ni mara chache nilimtania asicheke.

Na nisipomtendea haki nitakuwa mwongo, kwa hiyo niseme na hili. Mama yangu mzazi alipougua Singida nami nikakosa ruhusa ya kuondoka mara moja, nilizunguka uwanja ule mchana kutwa na simu sikioni. Nampigia kaka, nampigia dada, nampigia muuguzi, kisha narudi kwa kaka. Mwenye nyumba alikuwa amekaa anachambua dagaa. Akaniita. Nilipofika akanipokonya simu, akaitumbukiza ndani ya debe la unga, akafunga mfuniko, akakalia juu yake.

"Umempigia kaka yako mpaka amechoka. Anashindwa kumhudumia mgonjwa kwa sababu anakuhudumia wewe. Kaa chini."

Nikamwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kumwambia mtu mzima. Hakuinuka kwenye debe. Nikalia pale mchangani mpaka nikasinzia, kichwa kwenye goti lake. Nilipoamka jua lilikuwa limeshuka, simu ina unga mpaka kwenye matundu, na kaka, nilipompigia kwa simu ya fundi pikipiki, akasema mama yangu amepata nafuu. "Wabeja, Mulungu," akasema. Nami, kwa mara moja, nikaitikia. Halafu nikakasirika tena, kwa sababu simu haikupona.

Macho yake yalianza kwa chai. Alimimina pembeni ya kikombe, akacheka, akasema kikombe kimehama. Kisha akaanza kukanyaga dagaa wa pembeni wakati anatandaza. Kisha siku moja akagongana na baiskeli iliyotokea kushoto kwake, baiskeli ambayo hata mtoto angeiona. Wataalamu wa macho walipokuja zahanati nilimvuta mpaka kwenye foleni, nikakaa naye, nikaingia naye. Wakampima. Wakasema ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi, wakasema, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa akiwahi hospitali kubwa.

"Nimesikia," akasema.

"Wiki ijayo twende Bariadi," nikamwambia tukiwa njiani. "Binti yako yuko kule, utalala kwake."

"Wiki ijayo ni giza, Mwalimu. Dagaa wanatoka."

Nikangoja mbalamwezi, kipindi ambacho mitumbwi haiendi na wanawake hawana cha kuanika. Mbalamwezi ikaja, naye akapata msiba Ipililo. Ikaja nyingine, akapata mgeni. Ikaja nyingine, akanijibu kwa upole kabisa kwamba Mungu aliyeyatengeneza macho yale hajasahau alivyoyatengeneza.

Hapo nilipasuka. Nilisimama katikati ya uwanja, mahali pale pale anapoinulia mikono, nikampigia kelele mpaka wapangaji wakatoka.

"Mama, dagaa unamwachia Mungu na unaondoka. Macho unamwachia Mungu na unabaki. Kwa nini siku ya hospitali ndiyo unawakumbuka dagaa? Hiyo si imani. Sijui ni nini, lakini si imani!"

Alichukua ufagio akaanza kufagia uwanja uliokwisha fagiliwa. Nikaingia chumbani nikalia kwa hasira, maana turubai ningeweza kulibeba peke yangu, lakini yeye nisingeweza kumbeba.

Jicho la kushoto likaisha. Likaisha kimyakimya, bila maumivu, na watu wa kanisani wakaja kumpa pole wakamsifu kwa jinsi alivyolipokea. Niliwapikia chai, nikaondoka wakiwa bado wanasifu. Binti yake, ambaye ana cherehani yake soko la Bariadi, akaja akamchukua. Nyumba ikabaki na sisi wapangaji, na turubai likabaki chini ya dirisha langu.

Kisha binti akanipigia simu.

"Mwalimu, njoo wewe. Kesho ana daktari, la kulia nalo limeanza. Amekataa kwenda. Anasema Mungu atajua. Nimemwomba, nimelia mbele yake, nimeshindwa. Wewe unajua kumgombeza."

Nikapanda basi la Bariadi. Njia nzima nilitengeneza maneno. Ulikuwa msimu wa pamba, malori yamebeba marobota mpaka yanainama, na vipande vyeupe vimenasa kwenye vichaka vya kando ya barabara. Sikuona uzuri wake. Nilikuwa napanga niseme lipi kwanza na lipi limuume zaidi.

Nilimkuta uani kwa binti yake, amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua choroko kwa vidole. Uso ameuelekeza ukutani.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu mama kwa Kisukuma.

"Mwadila, Mwalimu. Umekuja na hasira. Nasikia unavyokanyaga."

"Nimekuja nayo, ndiyo. Na leo utaisikia yote." Sikukaa. "Miaka yote hiyo umekaa kwa raha juu ya migongo ya watu ukasema umekaa kwa Mungu. Mvua tulikimbia sisi. Njaa nilipika mimi. Watu wanakuita mwanamke wa imani, na mimi wananiita mwalimu mwenye wasiwasi. Sawa. Lakini jicho sikuweza kukukimbilia, mama. Jicho ulitakiwa ukimbie mwenyewe, ukakaa. Sasa unataka kukaa na la pili?"

Binti alikuwa mlangoni, kanga mdomoni. Mama aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa pembeni. Akatoa jingine.

"Niliogopa," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo.

"Ulimwogopa daktari?"

"Unakumbuka malori ya Lamadi? Hospitali ni lori lile, Mwalimu. Nikienda wakaniambia macho yamekwisha, basi yamekwisha. Nikikaa nyumbani, Mungu bado hajaamua."

"Kwa hiyo muda wote ulikuwa unaogopa kama mimi?"

"Kuliko wewe. Wewe ukiogopa unakimbia. Mimi nikiogopa miguu inakufa." Akageuza uso upande wangu, jicho moja limeganda, jingine linanitafuta. "Unadhani lile wingu sikuwa naliona? Naliona kabla yako. Nilikuwa naondoka kwa sababu siwezi kukaa nikaangalia dagaa wangu wanalowa. Nakwenda kwa wagonjwa, nasali, naogopa. Nikirudi nakuta wamefunikwa."

Nikakaa chini, si kwa kupenda. Hasira yangu ilikuwa imefika na kumkosa mwenyeji wake, ikawa inazunguka uani haijui ikae wapi. Ikapata mahali.

"Na hukuwahi kunishukuru. Hata siku moja."

"Nilishukuru. Hukusikia? Mtaa mzima ulisikia."

"Ulimshukuru Mungu!"

"Kwa lipi, Mwalimu?" akauliza, na safari hii sauti yake nayo ilipanda. "Kwa turubai? Turubai lilikuwa langu. Nilimshukuru kwa mwenye kulivuta."

Binti alicheka huku analia. Mimi sikucheka. Nilimwambia kwamba shukrani yangu angeniletea mimi, chumbani kwangu, kwa jina langu, na siyo kuipitisha mbinguni nikaingoja ishuke. Akafikiri. Akasema hilo ni kweli. Akasema, "Wabeja, Mwalimu." Kisha akanyoosha mkono hewani, akitafuta wangu, akaushika vile vile kama ukingoni mwa barabara, mpaka pete ikaniumiza.

"Kesho unishike hivi," akasema. "Usiniachie nikisimama katikati."

Alisimama katikati. Tulipofika mlango wa hospitali miguu ilikufa, na watu wakaanza kutupita pande zote. Midomo ikaanza kucheza.

"Mungu ni mwema," akanong'ona.

"Mwema sana. Inua mguu, kuna ngazi."

Akainua.

Daktari alikuwa kijana mwenye subira. Alisema la kushoto limekwenda na halitarudi. La kulia limebaki na mwanga wa mbele tu, nao unaweza kubaki akiweka dawa ya matone kila jioni, saa ile ile, maisha yake yote, bila kuruka. Mama alisikiliza yote, hakuondoka, hakukimbilia kwa mgonjwa mwingine. Tulipopanda bajaji akaishika ile chupa ndogo kwa mikono miwili.

"Binti anarudi kutoka sokoni usiku," nikamwambia. "Jioni nani atakukumbusha?"

"Mungu atajua."

Nilitaka nishuke bajaji ikiwa inakwenda. Nikatoa simu yangu, nikaweka alamu mbele ya jicho lake lililobaki, nikailiza ili aisikie.

"Ameshajua. Saa moja jioni. Usipopokea napanda basi."

Nimerudi Lamadi. Naanika dagaa kidogo mwenyewe sasa, kwenye nyavu zake. Kila siku saa moja jioni simu inalia, nampigia.

"Matone, mama."

"Nimeshaweka, Mwalimu. Wabeja." Kisha anaongeza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani wa Bariadi, "Wabeja, Mulungu!"

"Mulungu amekupigia kwa vocha yangu," nilimwambia jana, nikakata kwa hasira. Leo nilikuwa jikoni, ugali uko motoni, simu nimeisahau nje mchangani. Alamu ikalia. Nikauacha ugali uungue, nikakimbia.